Paa la Asbesto Halishushwi kwa Pombe ya Ulezi

Wajukuu zangu mnaoingia kwenye kazi hii, jambo la kwanza mtakaloulizwa na mteja si hali zenu. Mtaulizwa bei. Miaka yote niliyoshusha mapaa ya asbesto hapa Ufipa, kuanzia Sumbawanga mjini hadi Chala, na upande ule mwingine hadi Mwazye, walioanza na salamu ni wa kuhesabu. Mtu anasimama chini ya paa lake, ananyoosha kidole juu, anasema, "Fundi, hili shilingi ngapi?" Nami nilikuwa namwamkia "Shikamoo!" hata awe kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho. Anaona haya, anacheka, tunaanza upya kama binadamu.

Tarakimu sitawatajia. Nikiandika bei leo, mwakani dizeli itapanda na nyie mtasema babu alikuwa mwongo. Nitawaambia bei hiyo imetengenezwa na nini, maana hapo ndipo wateja wengi wanapopigwa na butwaa. Wanadhani wanalipia kupanda juu na kushuka na bati. Kupanda juu hata mbuzi anapanda. Wanalipia maji mengi, nailoni nene, ovaroli za kuvaa mara moja na kutupa, barakoa zenye vichujio, kibali, lori ambalo siku hiyo halibebi kitu kingine, na shimo lililopimwa na watu wa mazingira ambako mzigo wote unazikwa usionekane tena. Kufungua nati na kushusha bati ni kipande kidogo tu cha gharama hiyo.

Mtauliza mambo yote hayo ya nini. Asbesto ni yale mabati ya kijivu, mazito, yenye mawimbi, ambayo zamani yaliezekwa kwenye shule, misheni na maghala. Ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za mwamba. Paa likiwa zima na limepakwa rangi, mwenyewe mwambieni aliache hapo hapo, msimlie hela yake bure. Balaa linaanza likivunjika, likisagwa au likitobolewa. Vumbi lake hulioni, unalivuta, linakaa kwenye mapafu, na ugonjwa unakuja ukiwa umeshasahau hata uliwahi kupita hapo.

Mimi nilianza na kuezeka. Aliyenifundisha kushusha ni Mzee Oswadi wa Chala, mtu mnene, mpole, ambaye mkiwa chini alikuwa anachechemea lakini akifika juu ya kenchi za paa anatembea kama paka. Sheria yake ilikuwa moja. "Ukisikia kelele," alisema, "ujue kuna mtu anafanya ujinga." Maana yake hakuna kugonga, hakuna kutupa, hakuna mashine ya kukatia. Nati iliyoshika kutu unaipaka oili jana yake, kesho unaizungusha kwa mkono na maneno mazuri. Bati unalilowesha juu na chini, mnalishika watu wawili, mnalipokeza kwa wenzenu, linafungwa nailoni tabaka mbili kabla halijakauka. Oswadi alikuwa anaweza kushusha paa la ghala zima na kuku wa jirani wasinyanyue vichwa.

Cha kuloweshea ni bomba la mgongoni, lile la kupulizia dawa kwenye mahindi, liwe jipya. Ndani mnatia maji na sabuni kidogo. Sabuni inafanya maji yazame. Bila sabuni yanateleza yanakwenda zake. Siku hizi mna mashine za kunyonya vumbi na winchi za kushushia, hongereni, lakini bila maji mashine hizo ni mapambo.

Na hapa Ufipa kuna upepo. Jua likipanda nao unaamka, kwa hiyo kazi inaanza alfajiri. Sasa fikirieni mwezi wa sita, majani yameganda meupe, na wewe unajimwagia maji juu ya paa! Meno yanagongana ndani ya barakoa. Uji wa ulezi uko tayari, unauona unafuka moshi kule nje ya kamba, lakini huruhusiwi kula mpaka uvue ovaroli, uoge, ubadilishe kila kitu. Nimeona wanaume wazima wakiitazama sufuria ile kwa mbali kama wanatazama mchumba.

Kuhusu wachumba, kikosi changu kilikuwa na kijana anaitwa Deus, mwenye ndevu alizozitunza kuliko shamba. Barakoa haikai vizuri kwenye ndevu. Vumbi linapita pembeni. Nikamwambia achague. Akanuna wiki nzima, na harusi yake ilikuwa karibu, mwishowe akanyoa. Jumapili akamngojea mchumba wake mlangoni mwa kanisa, binti akampita kama anapita nguzo. Deus alinijia na hasira za kutaka kunipiga. Lakini siku ya harusi bibi harusi alinivuta pembeni akaniambia, "Babu, ahsante. Nilikuwa sijui kama ana kidevu kizuri hivi."

Haya, sasa niwape kisa ambacho ndicho kilichonifanya niandike.

Mbele ya Mpui kuna kijiji kimoja, jina silitaji kwa sababu bado nakwenda kwenye harusi zao. Pembeni ya zahanati yao kuna nyumba ya wajawazito. Wanawake kutoka kule bondeni wanapanda siku zao zikikaribia, wanakaa pale wakingojea, maana mvua zikianza barabara ya mteremkoni inakuwa tope na gari halipandi. Paa lilikuwa la asbesto, la zamani. Upepo ukavunja pembe moja, vipande vikaanguka ndani. Muuguzi wa zahanati, Mama Kresensia, akafunga mlango kwa kufuli na kusema hakuna mama atakayelala humo mpaka paa lile liondoke.

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa Mzee Polikarpo, mkulima wa mahindi, mrefu, mwenye sauti ya kuongoza maandamano ya Ekaristi. Binti yake, Anjela, ameolewa bondeni na alikuwa mjamzito. Mtoto wake wa kwanza alimzalia kwenye Fuso, mteremkoni, juu ya magunia ya mpunga, mvua ikimwagika. Walipona wote wawili, na mtoto yule hadi leo wanamwita Fuso. Kijiji kizima kinacheka kisa hicho. Polikarpo peke yake hakuwa anacheka. Siku ya kwanza nilipokwenda kupima paa alinishika mkono akaniambia, "Fundi, Anjela hazai tena njiani. Mvua zinikute nyumba hii ina paa na mlango wazi." Ilikuwa mwezi wa kumi, mawingu yameanza kujikusanya upande wa bondeni.

Nikatoa makadirio yangu mbele ya mkutano. Kisha Polikarpo akasimama.

"Fundi," akasema, "tumekuita ushushe paa. Hatukukuita ununue kijiji."

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, ningefanyaje? Akaendelea, "Paa hili tulilipandisha wenyewe, mimi nikiwa kijana. Msaragambo, kijiji kizima kwa kujitolea, na pombe ya ulezi jioni. Kwa nini kulishusha kusiwe hivyo hivyo? Nguvu tunazo, ulezi upo."

Makofi. Nikawaeleza habari ya vumbi, nikaona macho yao yamekwisha kwenda kwenye vyungu vya pombe. Aliyeniokoa ni Mama Kresensia. Alisimama na koti lake jeupe, mikono kiunoni. "Atakayeligusa bati lile bila maji na bila barakoa," alisema, "asije kwangu kuomba dawa ya kikohozi. Nitamtazama hivi." Akawaonyesha atakavyowatazama. Mkutano ukakubali. Walikuwa na hela ya mahindi waliyochanga, mabati mapya walishapewa na mfadhili, wakasema watabanana hivyo hivyo. Tukakubaliana nirudi wiki inayofuata na kikosi.

Nikarudi. Wajukuu zangu, tulipokelewa kwa vigelegele! Akina mama wa jumuiya wamejifunga vitenge, uwanja umefagiwa mpaka unaona mistari ya ufagio, hata mawe yamepangwa. Polikarpo akaja amekunjua mikono, meno yote nje.

"Tumekusaidia, fundi! Tumelifagia paa lote, ile kuvu yote imetoka. Na ndani tumefagia. Vipande vilivyoanguka tumevigawa, hakuna uchafu. Sasa bei itashuka."

Nilikaa chini, pale pale kwenye majani kando ya barabara. Kwetu mgeni akija lazima pafagiwe. Kumpokea mtu kwenye uwanja mchafu ni kumtukana. Hawa watu walikuwa wametupokea kwa heshima kubwa kuliko zote, na kwa fagio kavu walikuwa wamelitawanya vumbi la asbesto kila mahali. Vipande vizuri walikuwa wamekwisha kwenda navyo nyumbani, kimoja kwenye banda la kuku, kingine juu ya kihenge cha mahindi. Hasira ningezitoa wapi? Nilikuwa nataka kuwakumbatia na kulia kwa wakati mmoja.

Kwanza nikawaondoa wote pale uwanjani. Waliofagia Mama Kresensia akawapeleka kuoga, na nguo zao zikalowekwa majini kabla mtu hajazikung'uta. Ndipo nikamwambia Polikarpo ukweli: bei haijashuka, imepanda. Sasa inabidi kulowesha na kuondoa udongo wa juu, kusafisha ndani upya, na kwenda nyumba kwa nyumba kutafuta vipande. Uso wake ulizima. Akatazama mawingu, akaniuliza kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, "Nikiuza ng'ombe wangu wa kulimia, itatosha?"

Kabla sijajibu, akadakia Masanja. Huyu ni Msukuma, familia yake ilihamia pale na ng'ombe zao miaka mingi iliyopita, na yeye na Polikarpo hawawezi kukutana bila kutaniana. "Ng'ombe huuzi, Mzee Poli. Utalima na nini, na ufagio? Ninyi Wafipa bwana, mnafagia mpaka mnaokota gharama!" Hata Polikarpo akacheka, hakutaka lakini akacheka. Masanja akanigeukia. "Mzee, kwenye bei yako kuna kitu gani ambacho mimi naweza kufanya na mikokoteni yangu?"

Swali hilo nimelibeba kichwani hadi leo, na mteja akikwama huwa namwuliza mwenyewe. Tukakaa mbali na uwanja ule, mimi, Polikarpo, Masanja na Mama Kresensia, tukaigawa kazi mafungu mawili: yanayogusa asbesto na yasiyogusa. Yanayogusa ni yetu, na hapo sikupunguza hata senti, wala nyie msipunguze. Mteja akikuomba utoe barakoa ili bei ishuke, beba ngazi yako uende. Lakini yasiyogusa yalikuwa mengi kuliko walivyodhani. Gari la maji nililokuwa nimelikodi, Masanja akasema ng'ombe wake watavuta mapipa kutoka mtoni. Malazi na chakula cha kikosi, jumuiya wakachukua. Kupiga papi za mbao na kuezeka bati jipya, kijiji chote kinajua.

Likabaki lori. Lori la asbesto linalipwa lile lile, liwe limejaa au limebeba mabati ya choo kimoja. Paa dogo linaumiza mfuko kwa sababu hiyo. Nilikuwa namjua mwalimu mstaafu kijiji cha pili ambaye nyumba yake ina asbesto iliyopasuka, na ghala la kigango karibu naye. Wote niliwahi kuwapimia, wote walikimbia bei. Polikarpo akapanda bodaboda kwenda kuwashawishi waingie lori moja na sisi. Alirudi jioni sauti imekauka kabisa, akanionyesha tu kwa vidole kwamba wamekubali. Hela ya mahindi ikatosha bila ng'ombe kuuzwa.

Msako wa vipande ulikuwa sinema. Mnajua wenyewe Sumbawanga inavyosemwa huko nje kwa mambo ya uchawi. Sasa watokee watu wamevaa meupe mwili mzima, uso una pua mbili za plastiki, mgongoni bomba, wananyata kuelekea kwenye banda la kuku asubuhi. Bibi mmoja, Bibi Skola, alipotuona alipiga ishara ya msalaba, akamwuliza Mama Kresensia kwa Kifipa sisi tulikufa lini. Alipoelezwa kwamba tunataka kile kipande kilichofunika banda lake, woga ukamwisha pale pale. "Na kuku wangu walale na nani?" Tukamwahidi mbadala. Kuku wa Bibi Skola sasa wanalala chini ya bati la msauzi, jipya, linang'aa, na majirani wamemwonea wivu mpaka basi.

Siku ya kushusha tulianza alfajiri kabla ya upepo. Tuliweka kamba mbali, kijiji kikakaa nyuma yake. Mapipa ya Masanja hayakukauka. Bati baada ya bati likashuka, likafungwa, likalazwa, na sauti pekee ilikuwa ya maji yakipuliziwa. Deus, kidevu safi, ndiye aliyekuwa juu, nami nilipomtazama anavyotembea kwenye kenchi nilimwona Mzee Oswadi kabisa. Nilijisikia raha mwilini, raha ya kutaka kuimba. Tukaosha, tukapangusa, tukachota udongo wa juu, na lori likaondoka na mzigo wote, pamoja na wa yale mapaa mawili tuliyokwisha kuyashusha kijiji cha pili. Ndipo nikamwambia Polikarpo kwamba sasa pombe inaruhusiwa.

Waliezeka kwa msaragambo, na nyundo ziligongwa kwa furaha kubwa, nusu ya misumari ikapinda. Masanja alizuiliwa asipande kwa madai kwamba Msukuma akipanda juu ya paa atatafuta ng'ombe wake walipo asifanye kazi. Jioni tulikunywa pombe ya ulezi, na Polikarpo alicheza mpaka mke wake akamfuata kumkalisha.

Kwa hiyo mkiulizwa kuondoa asbesto ni bei gani, msikimbilie kutaja. Ulizeni paa liko zima au limevunjika, maana lililovunjika linagharimu zaidi. Ulizeni kuna jirani mwenye lake. Ulizeni maji yako umbali gani, na nani ana mkokoteni. Na siku mnapoagana baada ya kupima, mwambieni mwenye nyumba, kwa heshima zote, kwamba asifagie.

Nilirudi kule siku chache baadaye kukabidhi kazi. Anjela alikuwa amepanda na gari la mwisho lililofanikiwa kuukwea mteremko, tumbo mbele, ametulia. Mama Kresensia akafungua kufuli. Anjela akaingia, akachagua kitanda cha dirishani, akalala saa ile ile kama mtu aliyedaiwa usingizi tangu mwaka jana. Mvua ikaanza. Si manyunyu, mvua yenyewe, yenye mawe ndani yake, ikaliangukia lile bati jipya kwa kishindo ambacho asbesto haikuwahi kutoa maisha yake yote. Tulikuwa barazani, mimi na Polikarpo, bega kwa bega, na sikusikia hata pumzi zangu. Nikamwinamia nikampigia kelele sikioni nimpe hongera.

Mzee akaruka. Akageuka mbio, akauvuta mlango kwa mikono miwili, polepole, usilie. Kisha akaniwekea kidole mdomoni, macho yamemtoka, mvua ikinguruma juu yetu mpaka kuta zinatetemeka, akaniomba nisimwamshe mwanawe.